Barua kwa mwanangu: kabla hujaruka, jua mashua iko wapi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Tungi hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka, mdogo wako anaendelea na masomo, hofu ni kwako wewe unayefunga begi. Barua hii nampa mdogo wako akuletee getini kambini leo hii. Najua Jumamosi utapita kuaga kabla ya safari ya Mwanza, lakini nakujua pia: nikianza kusema utanijibu "ndiyo baba, nimekuelewa baba," huku macho yako kwenye saa. Hii isome peke yako, ukiwa umekaa.

Kwanza hongera. Habari kwamba wakubwa zako wamepeleka jina lako uombewe nishani ya kuokoa maisha nimezisikia kwa watu wa nje kabla hujaniambia wewe. Hilo limenikera, lakini furaha imezidi. Imamu alinishika mkono baada ya swala ya Ijumaa akawa haniachii. Mama yako ameshaanza kuulizia kama siku ya kuvishwa wazazi wanaruhusiwa kukaa mbele, na doti ya kitenge ameshaitoa kabatini. Na mama wa yule kijana uliyemtoa majini alikuja hapa nyumbani, wewe ukiwa kazini. Alikuja na kuku wawili amewafunga miguu, na kanga mpya. Alivua viatu nje mlangoni, na kabla hajakaa akaanza kulia. Akamshika mama yako magoti. Hakusema mengi, alirudia tu, "Angekuwa ameshazikwa, dada. Saa hizi angekuwa ameshazikwa." Mimi nilitoka nikaenda kusimama uani mpaka alipotulia. Kwa hiyo usije ukadhani mzee wako hajui thamani ya ulichofanya.

Lakini nina neno moja, na nitalirudia mpaka likukere: kabla hujaruka, jua mashua iko wapi.

Ile habari ya admirali wa Wamarekani uliyomtumia mdogo wako, Chester Nimitz, alinisomea jioni, anasoma Kiingereza chake halafu ananieleza. Nikamwambia arudie. Nimeelewa kwa nini umeipenda. Tarehe 20 Machi 1912 huyo bwana alikuwa luteni kama wewe, ana miaka 27 kama wewe, afisa wa nyambizi. Baharia mmoja wa chini yake, Walsh, akawa majini. Mkondo ulikuwa mkali na Walsh hajui kuogelea, maji yanamchukua yanampeleka mbali na chombo. Nimitz akaruka, akamshikilia asizame, mpaka wote wawili wakaokotwa na mashua ndogo. Akapewa nishani ya fedha ya kuokoa maisha, ile ambayo Bunge lao liliiweka kwa sheria mwaka 1874, moja ya dhahabu na moja ya fedha. Baadaye huyo huyo ndiye aliyeongoza manowari zao katika Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili, na tarehe 2 Septemba 1945, Wajapani waliposalimu amri, ndiye aliyetia saini kwa niaba ya nchi yake.

Chini yake ukaandika: "Mwambie baba hata wakubwa walianza hivi."

Sasa nakuomba urudi kwenye maneno machache ambayo nadhani uliyapita mbio. Mpaka wote wawili wakaokotwa na mashua ndogo. Mimi nimekula mkate wa pantoni tangu hujazaliwa mpaka nilipostaafu, na katika habari nzima moyo wangu ulisimama hapo. Hiyo mashua ilitoka wapi? Nani aliwaona wakichukuliwa? Nani alikuwa amekaa kwenye kasia, akajua awaendee kwa upande gani asije akawapanda? Kwenye maneno uliyotuma hakutajwa hata mmoja. Nimitz hakumrudisha Walsh kwenye chombo kwa kuogelea, mwanangu. Alimweka juu ya maji. Kumweka mtu juu ya maji ni kazi ya dakika, na dakika hizo zina mwisho hata kwa kijana mwenye kifua chako. Kilichowarudisha wote wawili ni chombo kilichokuja kuwachukua. Bila chombo hicho, mwaka ule wa 1912 wanaandika misiba miwili, na ile saini ya 1945 anaitia mtu mwingine.

Na wewe yako ilikuwa hivyo hivyo. Usinikatalie, kwa sababu koplo wako alipita kunisalimia, na mimi ndiye niliyemuuliza. Yeye hakuja kukushtaki. Nilimwekea chai, nikamwambia anieleze kwa kituo, mimi ni mtu wa maji. Akasema mlikuwa mnarudi kambini, siku ya bamvua, maji yanapwa, mko pale mlangoni mwa bandari ambapo maji yote ya ndani, ya Kurasini na Mtoni huko, lazima yatokee kwenye uwazi ule mwembamba. Boti ya faiba ya wachukuzi wa samaki inaelekea Feri, imejaa, kijana amekaa ukingoni. Wimbi la meli likamtupa. Koplo ameshika usukani, macho yako kwenye meli ya makontena inayoingia na tagi zake. Anasema alisikia mshindo wa maji, kugeuka, kiti chako kitupu.

Kitupu. Hukumwambia. Hukupiga ukelele wa "mtu majini". Hukuchukua boya, na boya lilikuwa limening'inia nyuma ya mgongo wako, nimemuuliza hilo akanyamaza kwanza ndipo akasema ndiyo. Uliruka na buti miguuni. Na koplo hakuweza kugeuza pale pale kwa sababu ya ile meli. Ikabidi aende mbele, aipishe, ndipo azunguke, na muda wote huo ninyi wawili mnachukuliwa kwenda nje. Kuna wakati, anasema, hakuwaona kabisa. Aliwapata kwa sababu mvuvi mmoja alisimama kwenye ngalawa yake akanyoosha mkono kuwaonyesha, na hakuushusha mpaka boti ilipofika. Mvuvi huyo hata jina lake hatulijui. Alifanya kazi ambayo sisi kwenye pantoni tulimwekea mtu maalumu: mtu akianguka, mmoja wetu asifanye chochote kingine, asirushe kamba, asikimbie, aangalie tu kile kichwa na anyooshe kidole. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi ukikipepesea macho unaweza usikipate tena.

Kwa hiyo nikikuuliza mashua ilikuwa wapi siku ile uliporuka, jibu lako ni nini? Mashua ilikuwa inakwenda zake. Haikujua kama umetoka.

Najua mmefundishwa. Najua kozi ulizopita mimi sikuzisikia hata kwa jina. Lakini kozi hukaa kichwani, na wewe mwili wako tangu utotoni unakitangulia kichwa, mama yako shahidi. Vumilia basi nikuandikie ya watu wa pantoni tusio na vyeti. Mfa maji haachi kutapatapa, na aliyewahi kukamatwa na mfa maji analijua hilo kwa shingo yake. Anayezama kweli hapigi kelele, pumzi ya kelele hana. Kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inakandamiza maji pembeni kama ya mtu anayetafuta ngazi. Ukimwendea kwa mbele atakupanda. Hana ubaya na wewe. Hata awe ndugu yako wa tumbo moja atakupanda, kwa sababu wewe ndiye kitu kigumu pekee kilichopo. Akikukamata usishindane naye juu ya maji, zama, atakuachia mwenyewe, maana anachotaka ni hewa. Mwendee kwa nyuma. Na kabla ya kufika huko mpe kitu: boya, jaketi okozi, dumu tupu lililofungwa mfuniko, kasia, kitu chochote kitakachokaa kati yako na yeye. Kamba ukiirusha ivuke bega lake, ipite, halafu uivute imjie. Ukimlenga yeye mwenyewe itaanguka fupi, na mara ya pili itakuwa imelowa, imekuwa nzito, na yeye ameshasogea.

Ya baba yako mdogo siyarudii, unayajua. Ila ulikuwa mdogo mno kuuliza kwa nini miaka yote niliyobaki kazini baada ya pale, kamba ya mlango wa mbele nilikuwa naikunja mwenyewe kila asubuhi, hata zamu ikiwa ya mtu mwingine, na sikutaka mtu aiguse.

Unakwenda Mwanza, na hapo ndipo usingizi unanikimbia. Maji ya huku umekua nayo. Ukiamka asubuhi bila kuangalia dirishani unajua kama yanapwa au yanajaa. Kule ni ziwa, hakuna kupwa wala kujaa, hesabu yote hiyo uliyonayo kichwani haitakufaa kitu. Bwana wa kule ni upepo, na dhoruba zake hupenda usiku na alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini na karabai zao. Halafu maji matamu hayabebi mtu sawa na maji ya chumvi. Utajikuta umekaa chini zaidi ya ulivyozoea, unatumia nguvu zaidi kuweka pua juu, na mtu wa pwani hulijua hilo akiwa ameshaingia. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Waulize wenyeji. Waulize wavuvi, wapiga makasia, mama wauza samaki, na usione haya kwa sababu ya nyota za begani. Mama yako anasema pia nikuandikie kwamba maji ya kule yana kichocho, usiwe unaingia ingia bila sababu. Nimeandika. Na kwa hilo yuko sahihi.

Kule wameona makubwa. MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 Mei 1996, wewe hujazaliwa. Sisi huku tulikuwa tumekaa kwenye redio. Meli imepinduka lakini bado inaelea, watu wamo ndani wanagonga bati. Walio nje wakashindwa kuvumilia, wakatoboa ubavu wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia juu ikatoka kwa tundu lile, na meli ikashuka na waliokuwamo. Sijawahi kuwalaumu. Nani angesimama pale asikie mtu anagonga, kisha akunje mikono? Lakini tangu mwaka ule, kila nikisikia mtu anasifiwa kwamba "hakufikiri mara mbili", roho yangu huenda kwenye tundu lile.

Halafu MV Nyerere, 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Ukara, watu wanaona nchi kavu. Kivuko cha kubeba watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 200. Lakini siku 2 baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa injini akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka, alipata mahali penye hewa akakaa. Unalijua kuliko mimi kwamba mzamiaji haingii bila mwenzake wa juu anayejua ameingia wapi na atatokea wapi. Huo ndio utaratibu ninaouomba kwako.

Hata yule kijana mvuvi wa Bukoba, ndege ilipoanguka ziwani tarehe 6 Novemba 2022. Nchi nzima ilimsifu, akapewa shilingi milioni 1 na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na alistahili. Watu 24 walitoka hai kati ya 43. Lakini wavuvi walifika mwanzo kuliko wote kwa nini? Kwa sababu walikuwa na mitumbwi, na walikwenda nayo. Ushujaa ulikuwa umekaa juu ya ubao. Mashua, mwanangu. Kila ninapogeuka nakutana na mashua.

Mdogo wako alipoona nimeshikilia habari ya Nimitz akaendelea kutafuta. Ametuambia kwamba mwaka 1908, akiwa afisa kijana, Nimitz aliipandisha manowari Decatur kwenye tope kule Ufilipino. Ilivutwa kesho yake, naye akafikishwa mahakama ya kijeshi akapewa karipio la maandishi. Hiyo hukutuma. Mimi nimeipenda kuliko ile ya nishani, kwa sababu mtu alikemewa akiwa kijana, akameza, akaendelea na kazi mpaka akafika juu kabisa. Basi nikikukemea usininunie, na usiniambie mama yako ndiye anayeelewa.

Jambo jingine alilotusomea ni kwamba Nimitz alizaliwa baba yake ameshafariki, na aliyemwongoza utotoni ni babu yake, mzee aliyewahi kuwa baharia. Hapo mama yako aliinuka akaenda jikoni. Nitakuambia wazi alichokuwa anawaza, maana ndicho nilichokuwa nawaza mimi: upande wa binti wameshajibu barua ya posa. Wametaka twende mwezi ujao, na mjomba wako amekubali kuwa mshenga. Mungu akikujaalia watoto nitawapenda, nitawafundisha kukunja kamba na kuvua kwa mshipi pale ufukweni. Lakini sitaki mimi ndiye niwalee. Nina umri huu. Baba yao awepo.

Sasa hiyo nishani. Ikija ipokee, na siku hiyo nitavaa kanzu yangu nyeupe nikae na mama yako popote watakapotuweka. Lakini kabla hujaondoka Dar andika barua kwa mkubwa wako ueleze koplo alifanya nini. Eleza kwamba aliipisha meli bila kupoteza kichwa, alizunguka, alizima injini alipowakaribia ili propela isiwakate, akamvuta kijana kwanza na wewe baadaye, na alipomlaza kijana akamgeuza ubavu maji yatoke. Mambo hayo wewe hukuyaona vizuri, ulikuwa umeishiwa. Mimi nimeyasikia kwa mtu aliyeyafanya, tena nikiyatoa kwake moja moja kwa kumuuliza. Nikamwuliza pia kama ulimshukuru. Akatabasamu, akasema, "Afande alikuwa amechoka siku ile, mzee." Jibu hilo sikulipenda hata kidogo. Sikukulea hivyo. Au kama ndivyo nilivyokulea, basi rekebisha mwenyewe, umeshakuwa mtu mzima.

Usiseme cheo hakiruhusu. Wewe ni luteni na yeye ni koplo, na mnapokuwa kazini yako mambo yenu ya saluti ambayo mimi siyaingilii. Lakini kama si yeye, mama wa yule kijana asingekuja hapa na kuku, na mama yako naye angekuwa amekaa chini kwenye mkeka anapokea mkono wa pole. Mtu huyo ameturudishia mtoto wetu. Mimi nimemshukuru kwa niaba yangu. Kwa niaba yako siwezi.

Na mvuvi wa ngalawa mtafute. Nenda Feri alfajiri, uliza, wale watu wanajuana. Ukimpata mnunulie hata jaketi okozi moja zuri, maana wengi wao wanatoka bila kitu. Ukimkosa niachie mimi, nitaendelea kuulizia, nina nafasi.

Mengine ni ya nyumbani. Hela uliyotuma tumenunua simtanki la lita 1,000, fundi amejenga msingi wa matofali lakini ameuweka chini mno, maji hayafiki bombani jikoni bila kusukumwa. Nimemwambia aje aongeze kozi mbili, kila siku anasema kesho. Bati la jiko nalo linavuja pale lilipoungana na ukuta. Kabla ya masika inabidi litolewe, na mbao mbili zimeoza, hivyo usishangae nikikupigia kuhusu mbao. Mdogo wako anahitaji ada iliyobaki kabla ya mitihani. Sikutaka kukusumbua ukiwa katika kuhama, lakini mama yako amesema ukiambiwa baadaye ndiyo utakasirika zaidi. Sehemu nimeshapata. Shangazi yako wa Mbagala amelazwa kidogo, sukari, ametoka, ukipata dakika mpigie, anakuulizia.

Mama yako amekuwekea nazi na kashata kwenye kapu. Nimemwambia mtu wa jeshi hapandi safari na kapu la nazi, hakunisikiliza. Zichukue. Kule anasema utazikosa, na yeye asipokupa chakula hajisikii kama amekuaga.

Nimeona nimeandika mengi na bado sijui kama limeingia. Nakuuliza tena, jibu moyoni mwako, usinijibu mimi "ndiyo baba". Usiku, ziwani, upepo umeshaamka, umesikia mtu analia majini. Unafanya nini kwanza? Kama jibu lako linaanza na miguu, isome barua hii upya toka juu. Ukelele kwanza. Nahodha ajue. Mmoja anyooshe kidole. Boya liende kabla yako. Buti zitoke. Ndipo, ikiwa hakuna njia nyingine kabisa na mashua unaijua iko wapi nayo inajua uko wapi, nenda, na mimi sitakuzuia, kwa sababu najua huwezi kukaa. Ulitoka kwetu hivyo, na nafsi yangu haitaki uwe vinginevyo. Ninachotaka ni urudi.

Koplo anatoka zamu Alhamisi saa kumi jioni. Nimemwambia utakwenda kwake, anakaa nyuma ya soko la Mji Mwema, ukiuliza utaonyeshwa. Kuku mmoja kati ya wale wawili bado yupo hapa, pitia umchukue umpelekee.

Wako,
Baba